Usafi wa Ijumaa

Chumba cha Seva
4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua ulisema hutaki tena kusikia habari za ofisi hii, na simu umeizima, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Ukitaka kuichana, soma kwanza.

Seva bado inazimia. Hii ni wiki ya tatu tangu uondoke. Ule waya uliofunga Ijumaa ile tumeutoa, tukaweka mwingine, tukaweka na wa tatu, hali ni ile ile. Seva inawaka, taa zinamulika, halafu ghafla inaacha kuongea na mtandao. Kompyuta zote za dirishani zinaganda. Nikiizima na kuiwasha inarudi, inakaa saa mbili, siku nyingine dakika ishirini, inazimia tena. Foleni ya vyeti vya kuzaliwa inafika ukuta wa nje. Jana mama mmoja mwenye mapacha aliniuliza kama watoto wake watahesabiwa hawajazaliwa mpaka mtandao urudi. Watu walicheka. Mimi nilijifanya natafuta kalamu.

Mkurugenzi amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Sina mwingine wa kumuuliza. Wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, na wewe ndiye uliyenifundisha kuishika bisibisi. Nimeona haya kukuandikia, lakini nimeandika.

Mama anakusalimu sana.

Mpwa wako

*

Nyumbani
9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikuichana. Nimeisoma mara tatu, maana miwani imepasuka kioo kimoja na jicho lililobaki halina haraka.

Unasema wewe umeona haya. Basi mimi nisemeje? Miaka thelathini na moja nimefunga nyaya kwenye jengo lile, watu wakanibandika jina la Nyaya mpaka mlinzi akadhani ni jina la ukoo. Halafu naondoka kwa kosa la plagi mbili za ncha za waya, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikuambie nililokuficha: mkono wa kulia unatetemeka tangu mwaka jana. Nikibana plagi nilikuwa naegemeza kiwiko gotini ili utulie. Nilidhani inatosha.

Wale wa kamati ya uchunguzi hawakunionea. Walifungua daftari la seva, na Ijumaa ile ina mistari miwili tu. Wangu: "Nimebadilisha waya wa seva, plagi mpya mbili, saa tano asubuhi." Wako: "Usafi." Sasa nani atalaumu kitambaa cha vumbi? Jumatatu seva ikaanza kuzimia. Hata ningekuwa mimi mwenyekiti, ningejifukuza. Ndiyo maana niliomba kustaafu kabla hawajafungua mdomo kunifukuza.

Fanya hivi. Kwanza hamishia waya kwenye tundu jingine la swichi, kile kisanduku cha kugawia mtandao. Usipopata nafuu, seva yenyewe ina matundu mawili ya mtandao, tumia lile la pili. Usifanye yote kwa mpigo kwa kiherehere chako. Moja, subiri siku mbili, andika daftarini, kisha jingine.

Salamu za mama yako zimefika. Nimeshangaa kidogo, maana tangu niondoke sijapata neno lake.

Mjomba wako

*

Chumba cha Seva
17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tundu jingine la swichi: ilizimia siku hiyo hiyo. Tundu la pili la seva: ilikaa siku moja na nusu, nikaanza hadi kupiga mluzi, ikazimia Mkurugenzi akiwa amesimama mlangoni. Akasema, "Nyaya kaondoka lakini mkosi wake kauacha." Nikaizima, nikaiwasha.

Kuhusu usafi wa Ijumaa, ni vumbi tu nilifuta, hakuna zaidi.

Na tafadhali, usijilaumu kila mstari. Nashindwa kusoma vizuri maelekezo.

Mama ana shughuli nyingi, ndiyo maana hujamsikia.

Mpwa wako

*

Nyumbani
22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sitajilaumu kila mstari, nitajilaumu mstari mmoja halafu nipumzike.

Kama matundu yote yamejaribiwa, waya umetoka lawamani na swichi imetoka. Usidhani nimefurahi. Nimekaa nikakumbuka: nilipouvuta ule waya wa zamani ulikuwa umekwama. Nikauvuta kwa nguvu, kadi nzima ya mtandao ikatikisika kwenye seva. Matundu yale mawili yote ni ya kadi hiyo hiyo. Basi nimeiumiza kadi. Ni mimi tena, kwa mlango wa nyuma.

Mkalimani wake sina shaka naye. Nasema ile programu inayokaa kati ya seva na kadi ili zielewane, ambayo ninyi mnaiita draiva, jina la mtu wa lori. Hakuna aliyeigusa, daftari linasema hivyo. Nakujua unavyopenda toleo jipya la kila kitu, hata sufuria. Lakini kwenye chumba kile ulinisikiliza ukaacha vitu vizima vikae, na hilo limenifariji siku hizi kuliko unavyofikiri.

Kwa hiyo agiza kadi nyingine. Fomu ya kuagizia ina nafasi ya kujaza toleo la draiva. Usijaze kwa kukumbuka. Iulize seva yenyewe inatumia ipi sasa hivi. Ukiangalia uliyoiwekea, unaangalia nguo za kabatini. Wewe mtazame mtu amevaa nini.

Mwambie mama yako mguu wake naukumbuka, asisimame sana.

Mjomba wako

*

Chumba cha Seva
3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Seva imetengemaa. Leo ni siku ya tisa haijazimia. Kadi mpya haikuhitajika, lilikuwa jambo dogo la mpangilio, nikalirekebisha. Mkurugenzi amefurahi, alinisimamisha kikaoni nikapigiwa makofi. Foleni imekwisha.

Asante kwa ushauri. Kazi ni nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mama hajambo.

Mpwa wako

*

Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba na marahaba. Niliisoma barua yako nimesimama kizingitini, kabla sijaingia ndani. Nimeshukuru sana. Unaliita jambo dogo la mpangilio. Nimekuelewa, unanisitiri. Hutaki kuandika kwamba ulikuwa unafagia niliyoyamwaga mimi. Una moyo mzuri.

Sasa nikuambie ya huku. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja mwezi uliopita. Wamepata kompyuta ishirini, wanataka niwafungie nyaya. Nilimwambia nimeacha ufundi. Akaja tena, nikajifungia ndani nikamtuma mke wangu aseme nimelala, saa nne asubuhi. Koleo langu la kubania plagi nimempa jirani, fundi wa kuchomelea. Mtu ambaye mkono wake umeangusha ofisi nzima hana haki ya kuwashikia watoto wa shule vyombo vyao.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mkurugenzi. Nimemwomba radhi kwa mwandiko wangu mwenyewe, ndiyo maana umepinda. Niliondoka siku ile bila kuomba radhi, nilikuwa na aibu mno, nikapita mlango wa nyuma kwenye mapipa. Naomba uipeleke kwa mkono wako, usimpe katibu. Nikishaomba radhi nitaweza kutembea mtaani. Na mama yako akisikia nimeomba radhi, labda ataniandikia.

Mjomba wako

*

Chumbani kwangu
24 Aprili

Mjomba,

Barua yako kwa Mkurugenzi ninayo mimi. Ina siku kumi na mbili kwenye droo yangu. Sikuipeleka na sitaipeleka, kwa sababu hukufanya kosa lolote.

Ijumaa ile sikufanya usafi. Nilibadilisha draiva ya kadi ya mtandao.

Hakuna aliyenituma. Seva haikuwa na shida. Niliona tu kwamba kuna toleo jipya, na mkono ukaniwasha. Wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya kabati la seva, unaimba kwa pua, mimi niko mbele kwenye kibodi. Hata dakika kumi hazikwisha. Nilipofungua daftari nikaona mstari wako, umeandika mpaka saa. Nikajua nikiandika langu utaniuliza kwa nini nimegusa kitu kizima. Nikaandika Usafi. Si unajua lile neno letu, kila mtu mle ndani huliandika akiwa hana la kuandika. Nilijiambia nitalifuta Jumatatu.

Jumatatu ikaanza kuzimia. Jumanne ulipokwenda ghalani, niliirudisha draiva ya zamani kimyakimya. Seva ikaendelea kuzimia vile vile. Hapo nikajiambia, basi si mimi, ni waya wa Mjomba. Nilifurahi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, Mjomba: nilifurahi kwamba ni wewe.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu aligusa kitu kingine. Ulinitazama. Hukuwa unanishuku, ulitaka tu kuona uso wa mtu wako. Mimi nikainama nikasoma daftari ambalo nilikuwa nalijua kwa moyo.

Kisha ukaniambia niiulize seva inatumia draiva ipi, kwa ajili ya fomu tu. Niliuliza. Ilikuwa inatumia toleo jipya, lile langu. Seva ikiamka husoma kwanza nakala yake ndogo ya kuwashia, na ndani ya nakala hiyo toleo jipya lilikuwa limebaki. Mimi Jumanne ile nilirudisha la zamani mahali pamoja, hiyo nakala sikuikumbuka kabisa. Kwa hiyo kila nilipoizima na kuiwasha ili ipone, nilikuwa nairudishia ugonjwa wake. Nikaitengeneza nakala upya. Ilichukua dakika tano. Haijazimia tena.

Mkurugenzi alisema mbele ya wote kwamba nimerekebisha alichoharibu Nyaya. Nikasema asante.

Liko jingine. Mama hakuwahi kukutumia salamu. Salamu zote niliziandika mimi. Wiki uliyoondoka alikuja akanishika mikono yote miwili, akaniomba msamaha kwa ajili yako, kwamba kaka yake amenitia aibu kazini. Nikamjibu, "Yameisha, Mama."

Plagi zako mbili nimezipima kwa kipimo, uzi mmoja mmoja, zote nane, huku na huku. Ni nzima. Waya wako nimeurudisha, ndio unaofanya kazi sasa hivi ninapoandika. Mkono wako unatetemeka, sawa, lakini haukukosea.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Kila ninaloandika naliona dogo, nalifuta. Naogopa kukuona, Mjomba. Naogopa kumwona Mama. Nikipita dirishani watu wananishukuru, natamani wanitukane.

Mimi

*

Nyumbani
2 Mei

Mpwa wangu,

Barua imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu majibu matatu ya kwanza nimeyachoma. Yalikuwa na matusi ambayo hata babu yako hakuyajua.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwa jirani mchomeleaji, nikamwomba lile koleo. Nikabana plagi moja nimeegemeza kiwiko gotini. Ikakaa. Nikabana nyingine. Ikakaa. Nililia pale mbele ya mwanamume mwenzangu, yeye akanisogezea kiti akaendelea na cheche zake, Mungu ambariki. Miezi mitatu nimeutazama mkono huu kila nikinawa uso, nimeuita mwizi. Miezi mitatu.

Sikiliza. Kosa la draiva halinichomi. Hakuna fundi ambaye hajawahi kuharibu kitu kizima. Mimi mwenyewe nilikata mtandao wa jengo zima nikimtafuta panya, nikapanda ngazi nikamwambia mkuu wangu ni mimi, akanitukana, tukanywa chai. Kinachonichoma ni barua. Uliniomba ushauri, nikakupa, na kila barua nilijichapa mbele yako, wewe ukaniambia ninakuzuia kusoma maelekezo. Hapo ulikuwa hujui bado kwamba ni wewe, nakubali. Lakini ile ya makofi ulikuwa unajua.

Sikusamehi leo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimeandika Usafi.

Barua yangu ya radhi nirudishie, nitaichana mwenyewe. Kwa Mkurugenzi andika yako, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Kisha nenda kwa mama yako. Yeye usimwandikie. Keti mbele yake useme kwa mdomo, na akikuuliza, jibu. Usiniandikie tena mpaka umalize.

Mjomba wako, maana hilo halistaafu

*

6 Mei

Mkurugenzi,
Ofisi ya Vyeti.

YAH: CHANZO CHA KUZIMIA KWA SEVA NA KUSTAAFU KWA FUNDI MKUU WA NYAYA

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Ninaandika kukiri kwamba seva ilizimia kwa sababu nilibadilisha draiva ya kadi ya mtandao bila idhini, siku ile ile Fundi Mkuu alipobadilisha waya. Daftarini niliandika "Usafi". Huo ulikuwa uongo. Mbele ya kamati nilinyamaza. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Waya wa Fundi Mkuu umepimwa na ni mzima. Vipimo nimeambatisha. Leo asubuhi nimeandika maelezo haya daftarini pia, chini ya tarehe ya leo, na mstari wa zamani sikuufuta.

Naomba kamati ikae tena, na itamke mbele ya wafanyakazi wale wale walionipigia makofi kwamba Fundi Mkuu hakukosea. Naomba nimwandikie nikiwa na barua ya ofisi ya kumsafisha. Adhabu yoyote nitaipokea.

Wako mtiifu,
Mtunza Seva

*

Nyumbani kwangu
13 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, unajua, mwandiko wangu umeucheka tangu tukiwa shule. Leo uvumilie.

Mtoto alikuja juzi asubuhi, siku ya kazi, nikajua pana jambo. Nilikuwa nakunja shuka. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, akasema yote, hakuruka hata moja. Mimi niliendelea kuikunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kama leso. Amesimamishwa kazi miezi mitatu. Ofisi wamekiri, kamati itakaa Jumatano, na wewe utaandikiwa kwa muhuri. Hayo nakuandikia ili moyo wako utulie kwanza.

Alipomaliza alikaa akisubiri nimkaripie. Kaka, sikuweza. Yeye anadhani ni huruma. Hajui la kwangu, na wewe pia hujui.

Wiki ile uliyoondoka nilikwenda kwenye ofisi yenu kuchukua nakala ya cheti changu kilicholowa. Siku hiyo mtandao ulikuwa umekufa tangu wafungue. Tulikuwa watu kama mia pale nje, jua kali. Kila mtu anauliza huyo Nyaya ni nani aliyetuharibia. Kijana mmoja akasema, nasikia ni mzee mlevi, alikuwa anafanya kazi akiwa amelewa. Mimi najua hujawahi kuonja pombe maishani mwako. Mbele yangu alikuwa amesimama jirani yangu wa mtaani, niliogopa asije akajua Nyaya ni kaka yangu. Nikasema kwa sauti, "Ni kweli, ni mlevi, namfahamu." Wakanisogezea benchi niketi niwasimulie. Nikaketi. Nikawasimulia.

Mikono hii niliyomshika mtoto nikimwomba msamaha kwa ajili yako, ilikuwa imetoka pale.

Yeye alikuwa na kosa la kuficha. Mimi sikuwa na kosa lolote siku ile. Nilikuwa na kaka tu, nikamficha.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Barua hii nimeitanguliza ili ukiwa hutaki kuniona, nikifika nikukute umeshatoka.

Mdogo wako